Mama Mkwe wa Kwenye Kopo

Fundi saa yule watu walimwita Dakika. Ukimpelekea saa yako ukamuuliza itakuwa tayari lini, hata kama amekwisha kuitawanya mezani kama karanga za kuchambua, jibu lake lilikuwa lile lile: dakika tu, mama. Ukirudi keshokutwa, dakika hiyo bado haijaisha. Lakini hakuna aliyemchukia, maana saa ikitoka mikononi mwake inatembea, na hakuwahi kumwambia mtu atupe hiyo akanunue nyingine. Hata saa za plastiki za watoto alizihangaikia.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi ya jengo la maduka, pale ambapo mtu mwingine angeweka ndoo na mafagio. Meza moja, kiti kimoja, kigoda cha mteja, na taa yenye shingo ndefu aliyoivuta hadi puani. Ukutani saa zilizokwisha pona zikisubiri wenyewe, kila moja na wakati wake. Nyumbani palikuwa hapo hapo nyuma ya jengo, vyumba viwili na jiko, na dirisha la sebuleni linaloingiza jua la asubuhi. Kwenye dirisha hilo ndipo alipokaa Mama Mkwe.

Huyu Mama Mkwe hakuwa mtu. Lilikuwa ua la majani kwenye kopo la rangi. Siku ya harusi ya Dakika na mkewe, enzi hizo ana nywele, watu walileta masufuria na mashuka, na mama wa bibi harusi akaja na kopo. Watu wakatazamana. Mama yule hakujieleza, alimwambia binti yake tu kwamba hili asiliache likakosa mtu. Miaka ikaenda, mama akafariki, ua likabaki. Binti akaanza kuliita Mama, na kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko alipita dirishani kuliamkia. Dakika naye kwa utani akaliita Mama Mkwe. Akipita mbele yake kifua wazi hujifunika kwa taulo haraka haraka na kuomba radhi, na mkewe hucheka kama ndiyo mara ya kwanza. Nyumba nyingine zina utani wa namna hiyo, wa watu wawili tu, mgeni akiusikia haoni cha kuchekesha.

Lakini kumtunza, hapana. Kumtunza Mama ilikuwa kazi ya mke, kama vile betri zilivyokuwa za mume.

Sasa binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali, safari ya kulala njiani, na mimba ilikuwa yake ya kwanza. Walikuwa wamepanga vizuri mama aende lini, abebe nini. Mtoto hakusubiri mipango yao. Alikuja kabla ya wakati wake, na simu ilipoingia asubuhi ile mama mtu alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Alifunga kitambaa juu ya nusu iliyobaki, akasomba nguo, wakaenda kituo cha mabasi.

Pale mlangoni mwa basi alimpa mumewe maagizo kwa kifupi. Chakula atajua mwenyewe. Madirisha akisahau kufunga, shauri yake. Kisha akamshika mkono wa shati.

"Ila Mama. Nikirudi nimkute."

"Utamkuta," Dakika akasema. "Na mimi utanikuta, kama unajali."

"Wewe sina wasiwasi nawe. Wewe utaunguza sufuria tu."

Basi likaondoka. Hakumwambia zaidi ya hapo kwa sababu alidhani mumewe anajua. Mtu mliyeishi naye chini ya paa moja umri wote huo, unadhani anaona unachokiona wewe.

Habari zilizofuata zilikuja kwa simu. Mjukuu alikuwa wa kiume, mdogo kama mkate, amelazwa kwenye kisanduku cha kioo chenye joto, na mrija puani. Hakuna cha kufanya, mke alieleza, ila kusubiri aongezeke. Wauguzi wamekataza kumshikashika. Mtoto wa hivyo kazi yake ni kulala, na ya wakubwa ni kukaa kwenye benchi. Sauti yake ilikuwa imechoka, nyembamba, kama inatoka chini ya mlango. Alipomaliza akauliza, "Na Mama hajambo?"

"Hajambo," Dakika akasema. "Amejaa majani."

Na siku ile ilikuwa kweli. Mama Mkwe alikuwa amejaa. Dakika alimpa maji kila asubuhi kwa kikombe chake mwenyewe cha chai, na hata salamu alijaribu, ingawa aliangalia kwanza kama jirani hapiti.

Halafu mvua zikakatika, vumbi likaanza kupanda hadi kibandani, na jani moja likainama. Dakika akadhani ni kiu, akaongeza kikombe cha mchana. La pili likainama. Akaongeza cha jioni. Majani yakageuka manjano kuanzia ukingoni kama gazeti la zamani, yakalala juu ya kopo, kisha moja likaanguka juu ya redio. Dakika alilichukua akalitia mfukoni, utadhani mwizi anayeficha alichoiba. Akaongeza maji. Kwa muda mfupi tu Mama Mkwe akabaki udongo uliolowa, harufu yake kama kitambaa cha kudekia kilichosahaulika ndooni.

Simu ikiita, mkewe humweleza habari za mtoto, ameongezeka kidogo, amepungua kidogo, leo ameshika kidole cha mama yake. Mwisho wa yote ni swali lile lile. Na Dakika, mtu mzima, mwenye mjukuu, anasimama mbele ya kopo tupu na kujibu kwamba Mama hajambo, amejaa majani, anawasalimia.

Hakuwa mtu wa imani za ajabu. Lakini moyoni alikuwa amekwisha fungamanisha vitu viwili visivyohusiana, kopo hili na kisanduku kile cha kioo, na hakuthubutu kumwambia mtu yeyote. Akalala nalo, akaamka nalo: mama yule aliacha kitu kimoja tu duniani, nikaachiwa mimi, nikakiua. Mkewe atatoka kwenye benchi la hospitali, amechoka, afungue mlango, atazame dirishani.

Jumapili moja, maduka yamefungwa na ngazi kimya, alifanya anachofanya kwa kila kitu kilichosimama. Alikifungua.

Alitandika kitambaa cheupe mezani, akavuta taa, akabana lenzi kwenye jicho, akalimimina kopo. Udongo ukatoka mzima mzima, umeshikana. Akaupangua kwa brashi ya kusafishia magurudumu ya saa. Alitegemea kukuta mizizi iliyooza na basi. Badala yake akakuta kitu. Donge la kahawia, ukubwa wa kiazi cha kuchemsha, lina magamba na mikunjo, zito mkononi. Upande mmoja lilibonyea likatoa maji. Upande mwingine lilikuwa gumu kabisa.

Dakika aliligeuzageuza. Miaka yote akidhani ua ni majani, na chini yake mizizi. Hakujua kuna mtu chini ya nyumba.

Alilifunga kwenye leso akatoka nalo. Pembeni ya jengo alikaa muuza viazi, mama mmoja mnene wa maneno kuliko wa mwili, aliyekalia magunia yake kama kiti cha enzi na kwa hiyo akaitwa Mama Gunia. Mke wa Dakika alimwita dada, basi Dakika kwake ni shemeji, na shemeji hana pa kujificha.

"Umeniletea nini, shemeji? Jimbi?"

"Ni Mama Mkwe," Dakika akasema, akafungua leso.

Mama Gunia alilitazama donge, akamtazama Dakika, akalitazama tena.

"Pole sana," akasema. "Amekuwa mdogo."

Ilibidi amwache acheke kwanza. Alicheka mpaka mteja wa viazi akaenda kwingine. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, akalishika donge, akalibonyeza hapa na pale kama anavyobonyeza viazi vyake kila asubuhi kutafuta vilivyooza, na sura ikambadilika. Alimuuliza alikuwa akimpa maji mara ngapi. Dakika akamwambia. Asubuhi, mchana, jioni, na majani yalipokwisha, zaidi.

"Umemnywesha maji mtu aliyelala," Mama Gunia akasema.

Alikiri kwamba yeye si mtu wa maua, anajua viazi vya kula, lakini hiki ni kiazi, na kiazi ni kiazi. Akamweleza huku akipima viazi vya watu, akikatisha na kuendelea, hata Dakika akawa anamsubiri katikati ya sentensi. Kwamba majani ndiyo wapishi. Jua likiwaka, majani yanapika chakula cha mti mzima, na chakula kinachozidi hakiachwi juu kikaharibika, kinateremshwa chini. Pale chini shina linanenepa, linakuwa ghala. Siku mbaya zikija, jua kali na hakuna tone la maji, kulisha majani ni hasara, basi mti unayaacha yaende. Unafunga madirisha, unashuka chini, unaishi kwa akiba yake.

"Sasa wewe unadhani kiazi kiliwekwa pale kwa ajili yako ukikaange?" akamuuliza. "Mwenyewe alijiwekea. Sisi wote hapa ni wezi wa chakula cha watoto wake."

Akainama chini ya gunia akatoa kiazi kimoja alichokuwa amekitenga, kimesinyaa kama kidole cha mtu aliyefua kutwa. Juu yake vilitoka vichipukizi vyeupe, vinene, vimenyooka. Akamwonyesha vile vishimo ambamo vilitokea. Macho hayo, akasema. Kila jicho ni mlango wa shina jipya. Hakina udongo, hakina maji, kimekaa gizani nyuma yangu, na bado kinalea. Kinajikamua. Kadiri watoto wanavyopanda ndivyo chenyewe kinavyokwisha.

Dakika alikishika kiazi kile kilichosinyaa kwa uangalifu, akakirudisha. Akauliza kama mhogo nao ni hivyo hivyo. Mama Gunia akasema mhogo ni mzizi tu ulionenepa, hauna macho. Uufukie mzima, utaoza, maana mhogo huoteshwa kwa mti wake. Lakini hiki kina macho. Na kweli, chini ya magamba, upande ule mgumu, palikuwa na vinundu vidogo, vimelala karibu karibu. Kimoja kilikuwa na ncha ya rangi ya waridi kama ulimi wa paka.

Mama Gunia alikata upande uliooza kwa kisu cha mboga, akapaka kidonda jivu, akamrudishia. Udongo mkavu, akamwambia. Usimpe maji. Usimhamishe hamishe. Mvua zikianza, mnyunyizie kidogo, umwamshe kwa adabu. Na kabla hajaondoka akamwonya asijikune usoni, maana hicho kiwe ua kiwe nini, kitamwasha kama jimbi bichi.

Alikuwa amechelewa kuonywa. Dakika alirudi nyumbani anajikuna shingo, kidevu na sikio moja, lakini moyo umepungua uzito. Yupo. Amejifungia chini, lakini yupo.

Alitia udongo mkavu kwenye kopo, akalishika donge tayari kulilaza, na hapo simu ikaita.

Mkewe alikuwa analia. Mtoto amebadilika rangi, wamemkimbiza chumba kingine, wao wamefungiwa nje. Binti amekaa sakafuni na hataki kuinuka. Hakutaka ushauri wowote, na Dakika hakuwa nao. Walikaa hivyo, yeye huku ameshika simu kwa bega, anasikia milango ya hospitali ikifunguliwa na kufungwa. Mwisho mkewe akavuta pumzi.

"Niambie Mama yukoje."

Dakika alitazama donge lililopakwa jivu mkononi mwake.

"Amejaa majani," akasema. "Kuna jani jipya linakuja. Bado limejikunja, jembamba kama sindano."

"Linakuja?"

"Linakuja, mke wangu. Ninaliona hapa."

Simu ilipokatika alisimama kidogo. Kisha akalitia donge shimoni, akalifunika kwa udongo, akashindilia kwa kidole gumba, akakaa chini. Kazini kwake kila kipande anachokitoa hukilaza kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio, cha kwanza hapa, cha mwisho pale, ili kurudisha kusiwe na ubishi. Siku ile hakupanga kitu. Na baadaye, alipojiuliza macho yale yalikuwa yametazama wapi, juu au chini, hakukumbuka.

Kesho yake mtoto alipumua vizuri. Wiki ikapita akaanza kunyonya mwenyewe, anachoka upesi, ila ananyonya.

Dakika alilipeleka kopo kibandani, akaliweka kwenye rafu kati ya saa ya mezani ya mwalimu mmoja na saa ya ukutani ya kinyozi. Wateja waliuliza kopo la udongo lina kazi gani. Akasema linasubiri mwenyewe. Mkono ulimwasha kuliko siku ile alipolishika donge. Kila alipomaliza saa moja na kabla hajafungua nyingine, macho yalipanda rafuni. Kitu kimesimama, kipo mbele yake, ana bisibisi za kila saizi, na ameambiwa asiguse. Aliikalia mikono yake kama mtoto kanisani au madrasa.

Kiangazi kikaisha kwa mvua moja ya mchana iliyowaleta watu wote chini ya ngazi. Dakika alinyunyiza maji kidogo, kwa adabu, kama alivyofundishwa. Akasubiri. Akanyunyiza tena. Hakuna. Ndipo mkewe akapiga simu kwamba mtoto ametolewa kwenye kioo, anaenda nyumbani kwao, naye atarudi karibuni.

Dakika alishindwa kuvumilia. Alichukua kibano akakwangua udongo katikati ya kopo, taratibu, mpaka akagusa mgongo wa donge. Mgongo laini, mtupu. Hakuna ncha ya waridi, hakuna kinundu. Akaurudisha udongo. Basi amekufa, akajisemea. Nilimnywesha nikamuua, na Mama Gunia alinifariji tu.

Hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifunga kibanda mchana, akaenda kwa wauza maua wa barabarani, wale wanaopanga miche yao kwenye mifuko myeusi kando ya mtaro. Nia yake ilikuwa mbaya na aliijua. Atanunua mwingine, amtie kwenye kopo lile lile, amweke dirishani.

Na walikuwepo, wa jamii ya Mama Mkwe, majani yenye umbo la moyo, safu nzima. Ila hawakuwa wa namna moja. Kulikuwa na mwekundu mwenye mishipa ya kijani. Mwenye mishipa myekundu na madoa meupe. Mwenye rangi ya waridi katikati. Mweupe karibu wote. Muuza maua akamuuliza anamtaka yupi. Dakika akafungua mdomo.

Alijaribu kumwona Mama Mkwe. Aliliona dirisha, akaliona kopo na kutu yake, akamwona mkewe ameinama na kikombe, kitambaa kichwani, anasema shikamoo mama. Majani hakuyaona. Alijua yana wekundu. Wekundu gani, mishipa ya rangi gani, madoa yapo au hayapo, hakujua. Maisha yake yote anatazama vitu kwa lenzi, anaweza kukwambia saa ya mteja wa mwaka juzi ilikuwa na mkwaruzo upande gani, na huyu aliyekaa naye nyumba moja hakuwahi kumtazama.

"Bado sijajua," akamwambia muuza maua, akarudi mikono mitupu.

Mkewe alifika adhuhuri moja bila kumwambia, kwa sababu alitaka kumkuta alivyo. Alipita nyumbani kwanza. Kisha Dakika akasikia viatu vyake kwenye korido, akainua kichwa, lenzi bado iko jichoni, na mkewe amesimama mbele ya meza, amekonda, begi begani. Walisalimiana kama watu wazima wanavyosalimiana mbele za watu, pole na safari, za huko, mtoto, binti. Akakalia kigoda cha wateja. 

"Dirishani hayupo," mke akasema.

Dakika alitoa lenzi. Maneno aliyoyapanga siku nyingi yalikuwa marefu, yana mwanzo na kati. Yaliyotoka yalikuwa mafupi.

"Mama amekufa. Mimi ndiye niliyemuua. Nilikudanganya kwenye simu, mke wangu. Hakuwa na jani hata moja."

Alimteremsha kutoka rafuni, akamweka mezani kati yao. Mkewe alilitazama kopo. Halafu mabega yakaanza kumcheza, na Dakika akainuka akidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha kuchoka kisicho na sauti.

"Kila kiangazi hulala," akasema. "Kila mwaka, mzee wangu. Hukuwahi kuona?"

"Kila mwaka?"

"Majani yakiisha namtoa dirishani, namweka jikoni chini ya meza, nyuma ya ndoo. Mvua zikija namrudisha."

Dakika alifikiri.

"Kopo lile? Lile ninalojikwaa?"

"Ndilo. Umempiga teke mama yangu kila kiangazi tangu tuoane."

Ilibidi Dakika akae. Aliyakumbuka yale matusi yote aliyolitukania kopo lile, gizani, kidole cha mguu kikiuma. Mkewe alikuwa akifuta macho kwa kiganja. Akamweleza kwamba siku aliyoondoka, kwa haraka ile, hakuwaza kumwambia. Nani anamwambia mtu habari za nyumbani kwake mwenyewe? Na alipoanza kusikia kwenye simu kwamba Mama amejaa majani, wakati huku kote hakuna wingu, alijua.

"Ulijua nakudanganya."

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaniacha?"

Mke alichezea mkanda wa saa uliokuwa mezani, akaukunja na kuukunjua.

"Siku ile mtoto alipobadilika rangi, ukaniambia jani jipya linakuja, jembamba kama sindano. Nilijua huna jani lolote. Lakini nililikalia lile jani pale kwenye benchi mpaka walipotuita. Sikuwa na kingine." Akauachia mkanda. "Na sikuwa na hofu utamtupa. Wewe hujawahi kutupa hata saa ya plastiki."

 Dakika aliihamisha bisibisi yake ndogo kutoka kulia kwenda kushoto, akairudisha. Kisha, kwa kuwa alishaanza kusema kweli, akataka kuimaliza. Alisema hata hivyo safari hii Mama hakulala tu, maana mvua zimekuja na amemchungulia, hakuna kitu. Lakini mkewe alikuwa amekwisha inamia kopo. Aliligeuza polepole kwenye mwanga wa taa. Akasimamisha kidole.

Pembeni kabisa, palipokutana udongo na ukingo wa kopo wenye kutu, mahali ambapo Dakika hakukwangua kwa sababu hakuna mtu anayetafuta kitu pale, ilikuwa imetokeza ncha. Nyekundu, imejikunja, nyembamba kama sindano. Ilikuwa imepinda shingo kama mtu aliyepita chini ya kitanda akatokea upande wa pili.

Mke aliitazama ncha, akamtazama mumewe.

"Mbona ametokea mlango wa nyuma?"

Dakika alijikuna kidevu.

"Umemfungua," mke akasema.

"Nilimfungua."

"Ukamrudisha kichwa chini."

"Simu iliita," Dakika akasema.

Mke aliweka kiganja mdomoni. Macho ya donge, ambayo Dakika alikuwa ameyaelekeza chini, kwenye giza la kopo, yalikuwa yamechipuka hivyo hivyo, yakashuka, yakakosa njia, yakageuka, yakazunguka mwili mzima wa mama yao na kuutafuta mwanga, na safari yote hiyo ikalipiwa na kile kilichowekwa akiba kule ndani, upande ule ambao haukuoza.

"Tutamgeuza?" Dakika akauliza, na mkono tayari unaelekea kwenye kibano.

Mkewe aliukamata ule mkono, akaubakisha mezani chini ya wake.

"Mwache. Njia ameshaijua."

Hawakufungua saa nyingine mchana ule. Kinyozi alikuja kuulizia saa yake, akaambiwa dakika tu, akaondoka akinung'unika kama kawaida. Mke alisimulia habari za mtoto, kucha zake, jinsi anavyokunja uso akishiba, kwamba anamsubiri babu yake, ila babu asije akamfungua kuona kilicho ndani. Dakika alicheka kidogo. Kisha akamwambia alichokuwa hajamwambia bado, habari za wauza maua wa kando ya mtaro na jinsi alivyoulizwa akashindwa kujibu. Alilisema hilo kwa taabu zaidi kuliko lile la kifo.

Mkewe hakulicheka. Alichukua lenzi mezani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akampa. Akalisogeza kopo mpaka chini ya taa na kukivuta kigoda upande ule wa meza, bega kwa bega. Jani lilikuwa bado limefunga, lakini kwenye mkunjo wa kwanza palikuwa na upenyo mdogo, na kwenye upenyo palionekana rangi.

"Haya," akamwambia. "Mikono chini. Niambie mishipa ni ya rangi gani."

Dakika akabana lenzi jichoni, akainama, akatazama.